Daraja la Pili

Ofisini walimwita Ratiba, naye aliitika. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwapangia watu safari za kwenda mbugani kutazama wanyama, na katika miaka yote hiyo hakuna mgeni wake aliyelala nje, aliyekosa chakula cha mchana, wala aliyerudishwa langoni kwa sababu ya kibali kilichokosewa tarehe. Alikuwa mtu wa kuhakikisha, kisha kuhakikisha kwamba amehakikisha. Madereva walikuwa na utani wao kwamba siku Ratiba akifa ataomba kwanza aonyeshwe kaburi, alipime urefu na kuuliza jua linaingilia upande gani. Alicheka pamoja nao. Aliyeutunga utani huo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, dereva wa gari namba nne.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani mwanamke huyu alikuwa mzembe. Wazembe wana namna yao ya kuua watu, na waangalifu wana yao.

Kasoro yake ilikuwa moja, na hakuna aliyeiona kuwa ni kasoro. Hakuwahi kukanyaga mbugani, hata siku moja. Kila mwaka alijipangia kwenda, na kila mwaka kazi ilimbana. Mbuga aliijua kwa ramani kubwa iliyobandikwa ukutani juu ya meza yake, imechakaa kingo kwa kuguswaguswa, na kwa hadithi za madereva waliporudi na vumbi nyusini. Aliweza kukwambia mti ambao chui hupenda kulala na kona ambayo magari hukwama, kama mtu anayejua nyumba ya jirani kwa kusikiliza ugomvi wake. Wageni walipomuuliza simba wanatisha kiasi gani, alijibu, "Mganga hajigangi, mama. Nenda, kisha uje unisimulie mimi."

Mdogo wake huyo nyumbani aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na jina likamfuata mpaka kazini siku Ratiba alipoteleza ulimi mbele ya madereva. Mama yao alizaa wanne, wakabaki hao wawili, wa kwanza na wa mwisho, wamepishana miaka kumi na mitatu. Ratiba alimbeba mgongoni, akamfundisha kusoma, akamtia viboko viwili vitatu alivyostahili, na alipokua akamwombea kazi kwa Bosi. Madereva wengine waliona kuuliza njia ni aibu, ati mwanamume huijua. Kitinda alikuwa akiuliza. Na aliyemuuliza hakuwa mtu mwingine ila dada yake, aliyekuwa ameketi mbele ya ramani kilomita mia mbili kutoka hapo.

Safari ninayoizungumzia ilianza na mwanamke mmoja, nesi mstaafu, aliyeingia ofisini asubuhi akiwa amemshika mumewe kiwiko. Mzee alikuwa mrefu, msafi, na aligonga goti kwenye kiti cha wageni kabla ya kukiona.

"Macho yake yanakwisha," nesi alisema baada ya kuketi. "Daktari anasema mwaka huu hautaisha nayo. Tumemuuliza anataka kuona nini kabla ya hapo. Nilidhani atasema wajukuu."

"Wajukuu nimewaona," mzee alisema. "Nataka tembo. Si wa kwenye televisheni."

Ratiba aliwapenda papo hapo. Alichukua kalamu akaanza kuuliza maswali ambayo mpangaji mwingine asingeyafikiria. Jicho lipi lina nafuu? La kushoto. Basi mzee atakaa dirisha la kushoto, na gari litawakaribia wanyama kutoka upande huo. Anaona vizuri zaidi saa ngapi? Asubuhi, jua likiwa mgongoni kwake. Basi watatoka kambini saa kumi na mbili kamili, na chai watainywea njiani. Anaweza kukaa garini muda gani? Saa tatu, nne akijikaza, halafu kiuno kinadai haki yake. Ratiba aliandika kila kitu. Alipofika kwenye malazi aliwafungulia daftari la picha.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu ndilo lililomuua mtu. Katika ofisi ile kambi ziligawanywa kwa daraja. Daraja la kwanza ilikuwa kambi kubwa ya ng'ambo ya mto, yenye vitanda vya mbao na maji ya moto. Daraja la pili ilikuwa kambi ya mahema iliyokuwa mali ya hifadhi yenyewe, upande huu wa mto, na nafasi zake ziliombwa kwa kupiga simu langoni, kwa askari wa wanyamapori. Daraja la tatu ulikuja na hema lako na moyo wako. Siku nzima pale ofisini ungesikia, "La pili limejaa," "Hawa wapeleke la kwanza," na hakuna aliyehitaji kuuliza la pili la nini.

Nesi aliyatazama mahema ya hifadhi, akatabasamu. "Tupe hayo. Sisi ni watu wa daraja la pili miaka yote, tukilala pazuri tutaumwa."

Dereva alikuwa Kitinda. Ratiba hakufikiria mwingine. Alimwita mezani, akamwonyesha karatasi mstari kwa mstari, naye Kitinda alisimama mikono nyuma kama mwanafunzi, akiuliza hiki na kile, mwisho akasema, "Dada, na mimi nikae dirisha lipi?" Alimpiga kwa rula. Walikuwa wakitarajia mtoto mwezi uliofuata, yeye na mkewe, na siku hizo alicheka hata bila sababu.

Waliondoka Jumatatu. Siku ya kwanza ilikwenda kama ilivyoandikwa. Siku ya pili, alfajiri, mvua kubwa ilinyesha milimani mto unakotoka, na radi ikaupiga mnara wa redio wa hifadhi. Kwa kawaida habari za barabara ziliwafikia madereva kwa redio, moja kwa moja, kwa lugha yao wenyewe. Siku hiyo redio ilikuwa kimya, kwa hiyo askari wa lango alianza kupiga simu ofisi za safari, moja baada ya nyingine.

Simu ya ofisi ya Ratiba ilipokewa na binti wa mapokezi, msichana mwenye mwandiko mzuri na akili timamu. Aliandika alichoambiwa, neno kwa neno, akakiweka mezani kwa Ratiba, ambaye wakati huo alikuwa akibishana kwenye simu na mtu wa shirika la ndege. Karatasi ilisema:

Askari wa lango kapiga. Daraja la pili limefungwa mpaka watakapotangaza. Wageni wote watumie la kwanza.

Ratiba aliisoma huku sikio moja likiwa kwa mtu wa ndege. Haikumshangaza hata kidogo. Mahema ya hifadhi yalikuwa yamewahi kufungwa mara mbili kwa sababu ya mvua, na aliyetoa taarifa mara zote mbili alikuwa askari wa lango, kwa sababu kambi ni yao. Na ukiniuliza mimi, nitakwambia kitu kingine zaidi: alifurahi. Yule mzee angelala kwenye kitanda cha maana. Kitinda naye angelala kwenye nyumba ya madereva ya ng'ambo, ambayo alikuwa akiisikia kwa wenzake tu, yenye bafu la maji ya moto. Aliwapigia kambi kubwa, nafasi ikapatikana. Akapiga langoni ili ahakikishe. Simu ilikuwa inatumika. Akapiga tena, inatumika. Kabla hajapiga mara ya tatu Bosi alimwita, na aliporudi mezani alikuwa na jambo jingine kichwani. Mtu huhakikisha shida. Neema nani huihakikisha?

Alimwandikia Kitinda ujumbe kwenye simu, akijua ataupata saa saba akipanda kile kilima ambacho madereva hukipanda kutafuta mtandao.

"Kitinda, leo hamlali kambi ya hifadhi. Nimewahamishia ng'ambo, kambi kubwa. Pita njia fupi ya magogo, mzee asichoke. Utaoga maji ya moto leo, kitu ambacho ukoo wetu haujapata kukiona."

Saa saba na robo alijibu. "Hahaha. Sawa dada. Mzee kawaona tembo asubuhi, akalia kama mtoto. Huko juu mvua ilikuwa kubwa. Njia ya magogo iko sawa?"

Ratiba aliinua macho akaitazama ramani. Njia fupi ilivuka mto kwenye daraja dogo lililoandikwa Magogo. Njia ndefu ilizunguka mpaka kwenye daraja lililoandikwa Mawe, saa mbili zaidi, na kiuno cha mzee ndicho kile.

"Lango wamepiga leo leo, habari ya barabara hawakuitaja," aliandika. "Nenda."

Langoni hawakuwa na majina ya magogo na mawe. Wao walihesabu kutoka pale walipokaa: daraja la kwanza ni lile la mawe, daraja la pili ni lile la magogo, na ndivyo madereva walivyosema pia wakiwa kule kwenye redio. Kama Ratiba angeyanakili tu maneno ya ile karatasi, yalivyo, akamtumia mdogo wake, Kitinda angeelewa papo hapo. Lakini alikuwa mpangaji, akayapanga.

Saa kumi na moja jioni, ofisi ikianza kufunga madirisha, simu ililia mapokezi. Binti alisikiliza, akaiondoa simu sikioni, akamnyooshea Ratiba. Ratiba akaichukua.

"Gari lenu namba nne," sauti ya mwanamume ilisema, ikihema. "Gari lenu limefuata nini kwenye daraja la pili? Si niliwapigia asubuhi? Nilisema limefungwa! Nguzo yake imeliwa na maji chini, juu haionekani kitu. Kule darajani hatujafika hata kuweka kizuizi, ndiyo maana nikapiga!"

"Tulipata taarifa," Ratiba alisema. "Ndiyo, ulisema daraja la pili limefungwa, na mimi nikawahamisha wageni nikawapeleka la..."

Hapo alijisikia mwenyewe. Neno lilikuwa bado mdomoni, nusu lake limetoka. Aliitazama ramani, ule mstari mweusi mdogo unaokata rangi ya samawati, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja aliuona kuwa ni kitu ambacho gari hupita juu yake.

"Haloo?" askari alisema. "Wazee wawili wametoka, wako hai. Dereva hatujampata."

Walimpata asubuhi yake, kwenye kona ya mto, amenaswa na matete.

Sitaeleza mazishi. Mazishi ni mazishi. Nitasema tu kwamba watu walipokuja kumpa Ratiba mkono, karibu wote walisema neno lile lile, ajali haina kinga, na kila walipolisema alitamani kuwapiga. Ajali hii kinga ilikuwa nayo. Ilikuwa karatasi pana kama kiganja, imeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Siku ya tatu baada ya mazishi Bosi alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Kama angekuwa mbaya ingekuwa rahisi zaidi. Alikuwa amelia kweli makaburini. Alifunga mlango, akamkalisha, akamsogezea karatasi iliyokwisha kuchapwa.

"Hifadhi wanasema walitupigia, na ni kweli," alisema. "Polisi wanataka kujua habari iliishia wapi. Yule nesi ameshawaeleza kwamba dereva alisoma ujumbe kule kilimani, akacheka, akaondoa gari. Umeona? Alisoma, akacheka, akaenda."

"Alicheka kwa sababu nilimtania, Bosi."

"Mimi najua. Nimeuona ujumbe, ulinionyesha mwenyewe ukiwa umepagawa. Lakini simu yake iko mtoni. Hakuna mwingine aliyeuona." Alisugua uso kwa viganja. "Ukisema ulivyokosea, wewe ni jela, na hapa panafungwa, watu ishirini na wawili. Kitinda atarudi? Marehemu hashtakiwi, Ratiba. Hafungwi, hafukuzwi kazi."

Karatasi ilikuwa na mistari michache. Ilisema kwamba habari za kufungwa kwa daraja zilipokelewa ofisini na kufikishwa kwa dereva siku ile ile, na kwamba dereva hakuzizingatia. Chini palikuwa na nafasi ya saini ya aliyezifikisha.

Alifikiria jela. Alimfikiria mama yake akipanga foleni mlango wa jela na kikapu, miguu ile iliyovimba. Ratiba angetaka niseme kwamba alipigana, na mimi ningependa kusema hivyo, lakini alitia saini. Kisha alitoa simu akafuta ujumbe ule, wote, pamoja na kicheko chake, huku Bosi akitazama pembeni kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake abadilishe nguo.

Habari za aina hiyo hazikai ofisini. Kufikia siku ya tano zilikuwa zimefika msibani kabla yake. Watu walianza kunong'ona kwamba kumbe kijana aliambiwa, akapuuza. Mama yao alizisikia akiwa amekaa mkekani na akakataa kata kata.

"Mwanangu mimi? Mwanangu hata kuvuka barabara alikuwa anauliza. Aliyesema hivyo na aje anitazame usoni."

Mchana wa siku hiyo yule nesi alikuja, mkono mmoja umefungwa bendeji, mumewe akimshika bega. Waliketi mbele ya mama. Ratiba alikuwa amesimama nyuma na sinia la vikombe, na hakuweza kuondoka wala kubaki.

"Tumekuja kukushukuru kwa mtoto uliyemzaa," nesi alisema. "Gari lilipolala ubavu, alinitoa mimi kwanza kwa dirisha. Akarudi. Mume wangu alikuwa haoni chochote, maji yamejaa tope."

"Alinisukuma nikashika gogo," mzee alisema. "Akaniambia, shika hapo mzee, usiachie. Sauti yake ilikuwa karibu kabisa. Halafu haikuwepo."

Mama alitikisa kichwa polepole. "Wanasema aliambiwa asipite."

"Sijui alichoambiwa, dada yangu. Nimewaeleza polisi nilichokiona tu. Alisoma simu yake, akacheka mpaka magego yakaonekana. Mume wangu alikuwa na wasiwasi na ile mvua, akamuuliza, hiyo njia tutapita salama kweli? Akasema, tulieni wazee wangu, aliyepanga ni dada yangu."

Vikombe viligongana kwenye sinia. Mama aligeuka akamtazama Ratiba, mara moja tu, kisha akawageukia wageni wake na kuwauliza kama wamekula.

Walipoondoka mama alinyanyuka kwa taabu, akaenda jikoni. Ratiba alimfuata. Mama aliketi kwenye kigoda, akaweka ungo wa mchele mapajani, akaanza kuchagua mawe. Ratiba alisimama, kisha akapiga magoti kwenye sakafu, na akamweleza yote tangu mwanzo. Alimweleza la pili la ofisini na la pili la langoni. Alimweleza ile karatasi, maji ya moto, swali la Kitinda na jibu lake. Alimweleza na saini. Alikuwa akilia kwa namna ambayo hajalia tangu utotoni, na bado alieleza kwa mpangilio, kwa sababu hakujua namna nyingine.

Mkono wa mama ulikuwa umesimama juu ya mchele. Nje wanawake walikuwa wakiimba kwa sauti ya chini.

"Nani mwingine anajua?" mama aliuliza mwishoni.

"Bosi."

"Na yule binti aliyepokea simu?"

"Anajua alichoandika. Nilichotuma mimi hajui."

"Haya."

"Mama, nataka niende nikaseme. Siwezi. Wanamwita mkaidi. Wanasema amejiua mwenyewe na kutaka kuua wazee wa watu. Yeye aliniuliza, Mama! Aliniuliza iko sawa, na mimi nikamwambia nenda."

Mama aliokota jiwe dogo, akalitazama, akalitupa kando.

"Nilizaa wanne," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu, haina hasira, na hilo ndilo lililomtisha Ratiba. "Nimebakiwa na wewe. Leo sikupendi. Nisikudanganye, mwanangu, leo nikikutazama namwona yeye kwenye maji, na sijui kesho itakuwaje. Lakini wewe ndiye niliyebakiwa naye. Hutakwenda kusema kwa mtu."

"Na jina lake?"

"Jina lake limelala naye. Wewe unatembea."

Mlango wa jikoni ulisukumwa. Alikuwa wifi yake Ratiba, mke wa Kitinda, tumbo limetangulia, mkono mmoja umeshika kiuno. Macho yalikuwa yamevimba mpaka yamekuwa mistari. Alimtazama Ratiba aliye magotini, akadhani ni huzuni tu, na huzuni ilikuwamo pia.

"Mama," alisema. "Nataka nijue. Kila mtu ananong'ona nikipita. Yule bibi anasema alicheka. Kweli aliambiwa njia mbaya, akacheka akaenda? Mimi nimekaa naye miaka miwili tu. Nyinyi mmemjua tangu anazaliwa. Alikuwa mtu wa namna hiyo?"

Ratiba alifungua kinywa. Vidole vya mama yake vilishuka kutoka kwenye ungo, vina vumbi la mchele, vikamshika kifundo cha mkono na kukaza mpaka mfupa ukauma.

"Alikuwa na ukaidi, mwanangu," mama alisema, akimtazama mkwewe usoni bila kupepesa. "Tangu mdogo. Ukimwambia usipite hapa, ndipo atakapopita. Nilimchapa, dada yake alimchapa, haikusaidia. Ndivyo alivyokuwa."

Yule mjane alisimama akishika mlango. Alionekana kama mtu anayefanya hesabu ngumu kichwani. Aliweka mkono juu ya tumbo, akauondoa.

"Kwa hiyo alijua," alisema. "Alijua mimi niko hivi, na akapita."

Wifi aligeuka akarudi mkekani kwa wanawake wenzake, na wote wawili jikoni walimsikia akiwaambia kwa sauti kubwa kwamba ni kweli, mama mwenyewe amesema, mumewe alikuwa mkaidi tangu mdogo. Hakuwa analia tena. Wimbo ulikatika. Mwanamke mmoja alisema wanaume ndivyo walivyo, mwingine akasema afadhali wazee wa watu walipona, na mwingine akasema mtoto huyo akizaliwa aombewe asichukue moyo wa baba yake.

Mama aliuachia mkono. "Chai imepoa," alisema. "Nenda kawape."

Ratiba alinyanyuka, akajifuta uso kwa kanga, akachukua birika. Alipita mkekani akimimina kikombe baada ya kikombe, mkono thabiti, hakumwaga hata tone. Kila aliyemfikia alimpa pole, akamwambia ajikaze na asijilaumu, kwani yeye alikuwa amefanya yote ambayo dada anaweza kumfanyia mdogo wake.